Samaki Wanahema Juu ya Maji? Funua Matamvua Kabla Hujakimbilia Dukani

Leo tuongelee kiungo ambacho wengi wetu tunakutana nacho siku ya kupara samaki tu, tunakikata na kumtupia paka. Nazungumzia matamvua. Wengine mnayaita mashavu, wazee wengine husema yavuyavu. Yote sawa, tunaelewana.

Nimeamua kuandika hili kwa sababu ya kosa nililolifanya mwenyewe mwaka jana. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ikaita. Kijana mmoja mwenye mabwawa mawili ya sato.

"Shikamoo bwana samaki. Samaha kwa kukuamsha. Samaki wote wako juu, wanahema."

"Marahaba. Jana kulikuwa na mawingu?"

"Ndiyo, siku nzima."

Nikaona nimeshapata jibu. Nikamwambia oksijeni imeshuka, afungulie maji mapya, asilishe siku hiyo. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya na kweli samaki walishuka chini. Kesho yake akapiga tena, safari hii saa nne asubuhi, jua linawaka. Samaki wako juu tena. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Bwawa lenye maji ya kijani, jua limetoka, kufikia saa nne oksijeni inakuwa inapanda, haishuki. Mimi nikamwambia aendelee kuingiza maji. Siku ya tatu aliokota samaki 40 waliokufa. Akaenda duka la dawa za mifugo, akauziwa antibayotiki ya unga, akachanganya na chakula. Siku ya nne waliokufa walipita 200, na ndiyo siku niliyofika.

Nilipima oksijeni: miligramu 5.6 kwa lita. Inatosha kabisa kwa sato. Nikamchukua samaki mmoja aliyekuwa bado anatapatapa, nikafunua kifuniko cha shavu. Matamvua yalikuwa na mabaka meupe yanayoelekea njano, kingo zimeliwa kama karatasi iliyokaa mchwa, ute umejaa. Oksijeni ilikuwemo majini. Samaki ndiye aliyekuwa hawezi kuichukua.

Maabara baadaye walisema ni kolumnari. Lakini kilichonifundisha siku ile si jina la ugonjwa. Ni kwamba sehemu ya kile kilichokuwa kinawaziba pumzi wale samaki ilikuwa kinga yao wenyewe.

Ukuta mwembamba kuliko unavyodhani

Sato ana matao manne ya matamvua kila upande wa kichwa. Kila tao limebeba safu mbili za nyuzi nyekundu, na kila uzi una vijani vidogo vingi vilivyopangana kama kurasa za daftari. Damu inapita ndani ya vijani, maji yanapita nje yake. Kati ya damu na maji kuna utando wenye unene wa elfu chache tu za milimita. Unywele wako ni mnene kuliko hapo mara nyingi.

Lazima uwe mwembamba hivyo. Lita moja ya maji yenye nyuzijoto 28, hata yakishiba oksijeni, hubeba chini ya miligramu 8. Lita moja ya hewa unayovuta wewe ina zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho. Kwa hiyo samaki anaishi kwenye umaskini wa oksijeni maisha yake yote, na hawezi kumudu ukuta mnene. Juu ya hapo, matamvua hayo hayo ndiyo yanayotoa amonia mwilini, na ndiyo yanayonyonya chumvi kutoka kwenye maji baridi ili kufidia ile inayovuja. Yaani kwa samaki ni mapafu, na kazi nyingine nyingi ambazo sisi tumeziachia figo.

Sasa fikiria ukuta huo mwembamba, uliojaa damu, unaoshwa mchana na usiku na maji yenye kinyesi, mabaki ya chakula na bakteria wa kila aina. Kwa nini samaki hafi siku ya kwanza? Kwa sababu pale pana ulinzi mkali. Na ulinzi huo una gharama.

Adui anayeufuata ute

Kolumnari inaletwa na bakteria anayeitwa Flavobacterium columnare pamoja na ndugu zake wa karibu. Ni ugonjwa wa zamani. Mtafiti wa Marekani, H. S. Davis, aliueleza mwaka 1922 baada ya kuuona kwa samaki wa mto Mississippi. Jina linatokana na tabia yake: ukiweka kipande cha tamvua lenye ugonjwa chini ya hadubini, bakteria hawa warefu, wembamba, hukusanyika na kusimama kama nguzo au malundo ya nyasi kavu shambani. Hawana mkia wa kuogelea. Wanateleza.

Anapenda joto. Kati ya nyuzijoto 25 na 32 ndipo anapostawi, na hayo ndiyo maji yetu ya Kanda ya Ziwa, Pwani na Morogoro sehemu kubwa ya mwaka. Akitua kwenye tamvua hujishika, hujijengea tabaka la kujifunika, kisha hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama inayoshikilia nyuzi. Ndiyo ule ukingo ulioliwa niliouona. Akishambulia ngozi, samaki anaweza kuishi siku kadhaa na kidonda mgongoni. Akishambulia matamvua, kwa aina kali, siku moja au mbili zinatosha.

Watafiti wa kambale kule Marekani wamegundua jambo linalouma zaidi. Bakteria huyu anavutwa na ute wa samaki, anaufuata. Na kuna protini moja kwenye matamvua, ni aina ya lektini inayonasa sukari iitwayo ramnosi. Kazi yake ya kawaida ni kutambua vijidudu. Lakini kwa kambale wanaougua kirahisi waliikuta imejaa sana baada ya maambukizi, kuliko kwa kambale wenye ukinzani. Walipowaweka samaki kwenye maji yenye sukari hiyo, ili lektini ishughulike na sukari badala ya bakteria, vifo vilipungua. Inaonekana kile kilichowekwa kuwa mtego kinageuzwa na adui kuwa mpini wa kushikia.

Kinga inavyopigana, na inavyoziba pumzi

Tuanze na ute wenyewe. Ule utelezi unaokufanya umwangushe samaki si uchafu. Ndani yake kuna vimeng'enya vinavyopasua bakteria, protini ndogondogo za kuua vijidudu, na kingamwili. Pia unateleza na kuondoka na vijidudu vilivyonasa, kama unavyofuta vumbi na kitambaa chenye maji. Seli zinazotoa ute zimetapakaa kwenye matamvua, na zikiguswa na bakteria, amonia au matope, huongeza uzalishaji na zenyewe huongezeka idadi.

Bakteria akipenya ute, seli za utando hupiga kelele kwa kemikali. Askari wa damu wanaitwa, wanafika, wanameza bakteria, na wengine wanamwaga sumu inayoua kila kilicho jirani, seli za samaki zikiwemo. Mishipa inavimba. Ndipo utando unaamua kujenga: seli zinagawanyika haraka, ukuta unanenepa, nafasi kati ya kijani na kijani inajaa, mwishowe vijani vinashikana na kuwa kitu kimoja. Kurasa za daftari zimegandishwa kwa gundi.

Kwa upande wa vita, hiyo ni akili. Bakteria ana safari ndefu kuifikia damu. Lakini oksijeni nayo ina safari hiyo hiyo, na eneo la kuipokelea limepungua. Amonia nayo inashindwa kutoka, chumvi zinavuja. Kwa samaki mmoja mmoja kwenye ziwa pana lenye maji safi, bei hiyo inalipika: anatulia mahali penye oksijeni, hali, anapona, utando unapungua tena. Matamvua yana uwezo mkubwa wa kujirekebisha. Kwenye bwawa au kizimba chako hana pa kwenda. Alfajiri oksijeni ikishuka kidogo tu, kiwango ambacho samaki mzima asingekihisi, huyu anazimia.

Ndiyo maana vifo vya ugonjwa wa matamvua vinafanana sana na vifo vya kukosa oksijeni. Na ndiyo maana nilidanganyika kwenye simu.

Kingamwili zinakuja, ila zinachelewa

Kuna vijana wataniuliza: si samaki ana kingamwili kama sisi? Anazo. Mwaka 2005 watafiti walieleza aina ya kingamwili ambayo wanyama wa nchi kavu hatuna, wakaiita IgT, waliikuta kwa samaki aina ya trauti. Miaka iliyofuata ikaonekana kwamba kazi yake kubwa ni kulinda sehemu zenye ute: utumbo, ngozi na matamvua. Mwaka 2008, kwa samoni, ikaelezwa pia kambi nzima ya seli za kinga iliyokaa katikati ya safu za matamvua, ambayo miaka yote watu walikuwa wakiitazama bila kujua ni nini. Kwa hiyo tamvua lina jeshi lake la mahali, halisubiri kila kitu kutoka kwenye figo na bandama. Pia ndiyo mojawapo ya milango ambayo chanjo ya kuogesha vifaranga huingilia.

Shida ni muda. Kutambua adui mpya, kuzalisha seli za kumlenga yeye na kujaza kingamwili kwenye ute ni kazi ya wiki kadhaa. Ugonjwa unaua kwa siku. Kwenye maji ya baridi, kama mabwawa ya Njombe na Lushoto, kinga ya sato inazidi kuwa nzito. Kwa hiyo samaki ambaye hajawahi kukutana na adui huyu anategemea ule ulinzi wa kwanza tu, ute na askari wa haraka, na ulinzi huo ndio unaoziba hewa. Wewe mfugaji kazi yako ni kumnunulia muda wa kupumua wakati vita inaendelea.

Siku ukiwaona juu

Kwanza oksijeni, bila kusubiri uchunguzi. Washa pampu ya hewa kama unayo, ingiza maji yanayoanguka kutoka juu ili yachukue hewa. Kwenye kizimba, ondoa kitu chochote kinachozuia maji kupita, hasa nyavu zilizoota ukoka wa majani. Sitisha chakula siku hiyo na pengine inayofuata, kwa sababu samaki aliyeshiba anahitaji oksijeni zaidi kusaga alichokula.

Halafu, maji yakiwa bado yanaingia, funua matamvua. Chukua samaki dhaifu lakini aliye hai, siyo aliyekufa usiku, maana matamvua ya mfu hupauka haraka na yatakudanganya. Muue upesi kwa kumpiga kichwani, kata kifuniko cha shavu, toa tao moja, lizamishe kwenye bakuli jeupe lenye maji safi. Tamvua zima ni jekundu la damu mbichi na nyuzi zake zinatawanyika majini kama meno ya kitana. Lililougua limepauka au limekuwa la kahawia, nyuzi zimegandana, ute unaning'inia, au kuna mabaka meupe-njano. Fanya hivyo kwa samaki watatu au zaidi.

Ukikuta mekundu na safi, na jua likitoka samaki wanashuka na hawarudi juu, basi huenda kweli ilikuwa oksijeni ya alfajiri. Ukikuta yameharibika, usijipe cheo cha daktari. Mabaka yanaweza kuwa kolumnari, lakini ute mwingi na kupauka vinaletwa pia na vimelea vidogo wanaokaa kwenye matamvua, na amonia ikizidi pia huleta. Mara nyingi vimelea ndio wanaokwaruza utando kwanza, bakteria akaingia nyuma yao. Hadubini inamaliza ubishi kwa dakika chache. Peleka samaki walio hai kwenye mfuko wenye maji na hewa, au waliokufa muda huo huo kwenye barafu bila kuwagandisha. Piga picha ya lile bakuli, mtumie afisa uvuvi wako.

Kuhusu dawa nitasema wazi. Samaki mwenye tamvua bovu hali. Dawa uliyochanganya na chakula inaishia chini ya bwawa, au kwa wale wazima wasioihitaji, au kwenye maji ya ziwa ambayo majirani zako wanachota kunywa. Yule kijana hela yake ilikwenda hivyo. Antibayotiki zina nafasi yake mapema, kundi likiwa bado linakula, maabara imeshasema ni bakteria gani na daktari wa mifugo ameandika kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Pamanganeti nayo, ile ya zambarau, ukizidisha unaunguza utando ule ule unaotaka kuuokoa. Usiweke kwa kukadiria na kiganja.

Chumvi ya kawaida ni habari nzuri zaidi, ila kwa matangi. Bakteria wa kolumnari haipendi, na inampunguzia samaki mzigo wa chumvi zinazovuja. Kwenye tangi la vifaranga gramu 1 hadi 3 kwa lita zinasaidia, yaani kilo 1 hadi 3 kwa lita 1,000. Kwa bwawa la mita 20 kwa 30 lenye kina cha mita moja, hata gramu 1 kwa lita ni kilo 600, magunia 12 ya kilo 50. Piga hesabu mwenyewe.

Na waliokufa watoe kila asubuhi na jioni, wafukie mbali na maji. Hili si suala la harufu tu. Utafiti uliofanyika Finland ulionyesha kwamba bakteria huyu anaendelea kuishi juu ya mzoga na kumwaga vijidudu majini kwa wingi kuliko anavyofanya akiwa kwenye samaki hai.

Kilichotangulia wiki moja nyuma

Nilipomhoji yule kijana vizuri, habari ilianza kabla ya ile alfajiri ya mawingu. Siku tisa nyuma alikuwa amewachambua samaki kwa ukubwa, saa saba mchana, kwa wavu mgumu wa nailoni, na wengi wao akawarundika kwenye bwawa moja ili jingine alikaushe. Kabla ya hapo aliishiwa chakula, wakakaa karibu wiki nzima bila kula cha maana.

Hapo ulinzi wa kwanza ulishavunjwa. Wavu ulifuta ute. Msukosuko ulipandisha homoni ya kotisoli, ambayo kwa samaki kama kwa binadamu hushusha kinga. Msongamano ulipandisha amonia, nayo ikachoma utando. Na kuhusu njaa, wale watafiti wa kambale waliwashindisha samaki njaa siku saba kisha wakawaambukiza kolumnari. Walikufa wengi kuliko walioendelea kula, na ile lektini niliyoitaja ilikuwa juu kwa wenye njaa. Kwa hiyo kusitisha chakula siku moja au mbili wakati wanahema ni tiba, ila kuwaacha wiki bila kula kisa bei ya chakula imepanda ni kumfungulia adui mlango. Punguza idadi ya samaki kabla hujapunguza chakula.

Kuchambua fanya alfajiri kukiwa na ubaridi, oksijeni ikiwa umeipima, kwa wavu laini usio na mafundo, mikono na ndoo zikiwa zimelowa. Usiwalishe siku moja kabla. Nyavu za bwawa moja zisiende jingine bila kukauka juani kabisa. Vifaranga wapya wakae pembeni wiki mbili hadi tatu kabla ya kuchanganywa.

Yule kijana alipoteza karibu nusu ya bwawa lile. Nilimwomba radhi kwa zile siku mbili za simu, akasema yameshapita bwana samaki, tuangalie lile lingine. Sasa hivi ana bakuli jeupe limetundikwa kwenye mlango wa kibanda cha bwawani, na kila Jumamosi anatoa samaki wachache wa mboga, anawafunua kwanza. Wiki iliyopita alinitumia picha saa moja asubuhi, matamvua mekundu mazuri, ila yana vidoa vyeusi pembeni. Akauliza kama ndiyo imeanza tena. Nikamwambia suuza kwanza kwa maji safi. Baada ya dakika mbili akajibu: "Ni matope."